Tope Hili Kwao Wapi

Mpangaji wetu alikuwa akitafuna mawe. Sifanyi mzaha. Alikuwa akichukua kijipande cha jiwe la kijivu, akakifuta kwa leso, akakiuma kwa meno ya mbele huku amefumba macho, kisha akasikiliza. Kikikwaruza, ndani mna mchanga mwembamba. Kikiteleza kama sabuni, ni tope tupu. Halafu alikitema kwa adabu kwenye leso ile ile na kuikunja. Wanawake wa mtaa wetu pale Msambweni wanajua kwamba mwenye hamu ya kula udongo na mawe ni mjamzito, basi walimcheka mpaka wakachoka. "Mpangaji, hiyo ya mwezi wa ngapi?" walimwuliza wakipita na ndoo zao. Naye alifunika mdomo kwa kiganja akacheka nao, meno yakiwa na kijivu.

Tulimwita Mpangaji kwa sababu alipanga chumba chetu cha uani, na hata alipoondoka tuliendelea kumwita hivyo. Jina lake nalijua. Kwao nako napajua sasa, na ni mtoto wa nani, lakini hayo nayaacha kwa makusudi. Nyumbani kwetu aliulizwa mambo hayo mbele ya watu, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile masikio yangu hupata moto. Namweleza kwa yale mengine, ambayo yalitosha kabisa kumjua mtu, laiti tungeridhika nayo.

Kazi yake ilikuwa ya serikali, katika ofisi ya mawe. Miaka ile ya hamsini mkubwa wake, mzungu mmoja mrefu mwenye kofia iliyochakaa, alikuwa akichora ramani ya miamba yote tangu pwani mpaka nyuma ya vilima vya Shimba. Kule kuelekea Kinango kuna jiwe linalochanika tabaka tabaka kama chapati ya mafuta. Mpangaji alinieleza kuwa jiwe lile lilikuwa tope zamani za kale. Mito ililileta, likatua, likalaliwa na tope jingine juu yake mpaka likawa gumu. Swali walilotumwa kulijibu lilikuwa moja: lilitoka wapi?

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ilikaa barazani, hatua chache tu kutoka mlango wa uani, kwa hiyo niliona mengi. Alikuwa akiliponda jiwe taratibu, si kwa nguvu, akaliosha mpaka tope lote likaondoka na maji, zikabaki punje ndogo kuliko chumvi ya mezani. Punje hizo alizitia katika maji fulani mazito ya dawa, yenye harufu tamu ya kuchefua. Nyingi zilielea, chache nzito zikazama. Hizo chache ndizo alizozitaka. Aliziweka chini ya darubini yenye kioo kinachonasa mwanga wa jua, na hapo ungemsemesha usipate jibu mpaka wingu lipite. Unga wa jiwe lenyewe aliutia kwenye vifurushi vya karatasi, ukapelekwa Nairobi kupimwa kwa moto na tindikali.

"Rangi itakudanganya," aliniambia siku moja nilipomwonyesha jiwe jekundu nikidhani nimempatia kitu. "Rangi jiwe hulipata popote. Mvua nayo huchukua chokaa, huchukua magadi. Wewe liulize kile ambacho mto umeshindwa kukimaliza."

Hapo alikuwa msemaji. Ukimtoa kwenye mawe hakuwa na maneno mawili. Akialikwa chakula alisema "bismillahi" mwanzo na "alhamdulillahi" mwisho, na katikati alikula mbio kama mtu anayeitwa. Viatu vyake vilimeta kila asubuhi, na kila jioni vilirudi havitambuliki, naye akaketi kuving'arisha tena bila kunung'unika. Bahari aliiogopa. Alikaa nasi zaidi ya mwaka na sikumwona akitia mguu majini hata mara moja. Lakini aliweza kushuka korongo la mawe yanayobomoka kwa kamba moja mkononi huku akiimba kaswida. Msikitini alichelewa, akasali nyuma kabisa, na baada ya sala nilimwona akitazama mchanga uliomganda kwenye paji la uso wa mwenzake kwa macho ya mtu anayetaka kuomba.

Ustahimilivu wake nao uliniudhi. Jirani yetu mmoja, mke wa mkwezi wa minazi, alikuwa mjamzito kweli, si wa kutaniwa. Mpangaji alizoea kuanika mawe yake kwenye ukingo wa dirisha. Siku moja akarudi kutoka Kwale akakuta vipande vyake bora vimepungua. Aliinama, akatazama chini ya dirisha, akatazama ndani ya kiatu.

"Fundi, hukuona mbuzi hapa?"

"Mbuzi wa miguu miwili," nikamwambia, kwani nilimwona jirani akipita akitafuna.

Mimi nilitaka akamgombeze. Yeye aliingia ndani, akakaa kidogo, kisha akatoka na kipande alichokichagua akampelekea. "Mama, kula hiki. Vile ulivyochukua vina kutu ya chuma, vitakuumiza tumbo." Kesho yake alipanda lori la ofisi akarudi Kinango kuchukua vingine. Jirani alijifungua salama, na mpaka mtoto anatambaa wanawake walimwita "mtoto wa Mpangaji", naye Mpangaji alikuwa akiona haya mpaka anageukia ukutani.

Alikosea pia, na namna alivyokosea nataka ijulikane. Majibu ya kwanza kutoka Nairobi yalionyesha jiwe lina chokaa nyingi na chumvi. Mkubwa wake akafurahi, akasema basi tope hili ni la baharini, halikutoka bara. Wakaanza kuandika hivyo. Mpangaji hakulala vizuri siku zile. Asubuhi moja alikuwa akinawa uso kisimani petu. Maji yetu, kama ya kisima chochote kilichochimbwa kwenye matumbawe, ni mazito, sabuni haitoi povu, na ulimini unayaonja chumvi. Akabaki ameshika maji viganjani yakimvuja. Alikuwa ameyaosha mawe yake yote kwa maji yale, akayaanika upande wa upepo, karibu na pweza tuliowaanika wakauke. Kumbe Nairobi walikuwa wamepima kisima chetu.

Mkubwa wake alipokuja na gari, Mpangaji alimkabili hapo hapo barazani, mbele yangu, mbele ya baba, mbele ya wateja. Akasema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili sisi tusidhani anaficha: "Kosa ni langu. Tulichosema kuhusu jiwe hili si kweli. Naomba nianze upya." Yule mzungu alivuta pumzi, akamwambia aanze upya. Tangu hapo aliweka pipa chini ya bati la duka la Mhindi kukinga maji ya mvua, akayalinda kuliko watu wanavyolinda maziwa.

Baba alimcheka kwa siku nyingi. Baba yangu hakuwa mtu wa kukiri kosa barazani, wala faraghani. Alikuwa mtu wa nasaba. Wageni wakija aliwahesabia babu zake mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa bibi yake, mama wa babu yangu, sauti ilipanda. Bibi huyo, alisema, alikuwa binti wa watu wakubwa wa Wasini, aliyeletwa Msambweni kwa jahazi lenye ngoma. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba yetu, na baba alilijengea kichwa cha chokaa na kukiandika maneno hayo. Sisi watoto tulikua tukiyajua kama tunavyoijua Fatiha.

Sasa nimfikie dada yangu, Mwanakombo. Mume wake wa Vanga alimwacha, akarudi nyumbani na sanduku lake na hasira zake. Alikuwa mkubwa kwangu, na ulimi wake hakuna aliyeutamani. Alianza kwa kumgombeza Mpangaji kuhusu mavumbi. Kisha akawa anampelekea uji na kumgombeza huko huko. Halafu siku moja nikasikia kimya, nikainua macho. Dada yangu alikuwa ameinama kwenye darubini, mtandio umemdondoka mabegani, na Mpangaji amesimama mbali kwa heshima, mikono nyuma.

"Kuna vyekundu," akasema Mwanakombo. "Kama punje za komamanga."

"Hivyo ndivyo vitakavyotwambia. Mawe yenye punje kama hizo yako juu huko, upande wa Taita na kupita huko. Tope hili lilitoka milima kama ile."

"Zikatembea mpaka huku kwetu?"

"Zilitembezwa," akasema. "Hazikuja kwa hiari yao."

Nilikuwa naunga kola ya shati. Nilisikia maneno hayo na sikuyafikiria kwa miaka.

Alipoleta posa alifuata kila kitu. Alimtuma imamu kwanza, akanunua kanzu mpya, kisha akaja mwenyewe baada ya sala ya Ijumaa. Barazani walikuwapo baba, ami zangu wawili, imamu na wazee wa mtaa. Mwanakombo alikuwa amekwisha kubali, na kila mtu alijua. Alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilidhani ni suala la kusoma Fatiha na kunywa kahawa. Mimi nilimsemea. Nilisema huyu tumekaa naye, tumeiona tabia yake, hana tone la uongo. Ami yangu mkubwa akaniambia, "Wewe shona nguo."

Baba akasafisha koo. Alikuwa mtulivu mno, na nilifurahi nikidhani utulivu ule ni ridhaa.

"Bwana," akamwambia, "wewe kazi yako ni kujua tope limetoka wapi. Basi tuambie na wewe umetoka wapi. Kwenu wapi, na babu zako ni nani? Binti yetu hatumpeleki kwa mtu asiye kufu yake, asiyelingana naye."

Wazee wakacheka. Hata imamu alitabasamu. Mpangaji alimtazama baba usoni, akamtazama kwa muda ambao niliona si adabu, kwa kuwa mtu mdogo hamkazii macho mzee. Kisha yeye ndiye aliyeinamisha kichwa.

"Mimi ni mja wa Mungu, mzee wangu. Zaidi ya hapo sina la kusema mbele ya watu."

"Ala! Mtu hawezi kuwataja wake?" akasema ami. Na mtu mmoja, sitamtaja, akatamka lile neno la watumwa, polepole, kama anayetema kokwa. Hakuna aliyemkemea. Baba alikuwa akiangalia kikombe chake cha kahawa.

Mpangaji aliaga mmoja mmoja, akaanzia kwa baba. "Shikamoo, mzee," akasema, na baba akajibu "marahaba" kwa sauti ambayo hata paka asingeisikia. Siku ya pili lori likaja. Alifagia chumba kabla ya kutoa funguo, akaacha kipande kimoja cha jiwe dirishani, sijui kwa kusahau au vipi. Mwanakombo hakutoka kumuaga. Alikuwa jikoni akiponda kisamvu kwa nguvu mpaka mchi ukapasuka, na baada ya hapo kwa mwezi mzima hakumwandalia baba chakula kwa mkono wake.

Chumba hakikupangishwa tena. Wapangaji walikuja wakarudishwa. Baba alisema paa limeoza, na halikuwa limeoza. Kuhesabu nasaba nako kukaisha. Wageni walikuja, wakangojea, naye akawauliza habari za mvua. Alipougua, katika siku zake za mwisho, aliniuliza mara kadhaa, "Yule Mpangaji yuko wapi?" Nilidhani homa inamchanganya.

Miaka ile ya hamsini ilikuwa inakwisha Mpangaji aliporudi. Tulikuwa tumekwisha kumsomea baba arobaini yake. Nikiwa kwenye cherehani nilisikia hodi, nikaona viatu vinavyometa, na kabla sijainua uso nilijua. Alikuwa ameongezeka mwili kidogo na kuota mvi za masikioni. Alikuwa sasa anakaa Mazeras na mke na watoto. Alinipa mkono wa rambirambi, akamwombea baba maghufira kwa maneno kamili, bila kuruka hata moja. Nilishindwa kumtazama. Nikamkaribisha kahawa, akakataa kwa upole.

"Naomba kitu kimoja, Fundi. Nionyeshe kaburi la bibi yake baba yako."

"La nini?"

"Nimsomee. Niliagizwa tangu udogo, na nilipokuwa nikikaa hapa sikupata ujasiri wa kuomba."

Nilimpeleka nyuma ya nyumba. Alichutama mbele ya kile kichwa cha chokaa, akayasoma maandishi ya watu wakubwa wa Wasini. Akasoma Yasini yote. Alipomaliza akabaki amechutama, akaongea akiwa amenipa mgongo, na nadhani alifanya hivyo kunisitiri.

"Bibi yangu mimi alikuwa mkongwe sana nilipokuwa mtoto. Alinieleza kwamba alishushwa pwani akiwa msichana, kwa miguu kutoka bara, kambani. Aliyefungwa mbele yake katika kamba hiyo alikuwa msichana wa kijiji chake, rafiki yake. Walipofika huku wakagawanywa. Bibi yangu akapelekwa shamba kulima. Mwenziwe bwana mmoja wa Msambweni alimtia ndani awe suria wake, naye akamzalia mtoto wa kiume. Mtoto huyo ni babu yako. Bibi alinambia, ukifika Msambweni muulizie mwenzangu, na kama amekufa msomee. Ndiyo maana nilikuja kupanga hapa. Ingekuwa kwa kazi tu ningekaa Kwale, ndiko kulikokuwa karibu na mawe."

Nilishika mgomba uliokuwa karibu nami. Nilitaka kumwambia ni uongo, na mdomo wangu ulikuwa unajua kuwa si uongo.

"Ungesema siku ile," nikamwambia. "Pale barazani. Ungewafunga midomo wote."

"Nilikuwa nimekuja kuposa, Fundi. Sikuja kumvua baba yako nguo." Akapangusa mchanga kwenye kichwa cha chokaa. "Isitoshe, yeye nilikuwa nimekwisha kumwambia. Siku moja kabla, shambani, tukiwa wawili. Nilidhani atafurahi. Nilimwambia, mzee, usiwe na wasiwasi na mimi, bibi yako na bibi yangu walikuja kwa kamba moja. Alinishika mkono, akasema tuonane kesho barazani."

Hapo ndipo aibu iliponiingia, na haijatoka. Baba hakuuliza kwa kutojua. Aliuliza kwa sababu alijua, na kwa sababu alijua vilevile kwamba kijana yule hatamjibu. Alimweka mbele ya watu afiche aibu ya nyumba yetu kwa kuibeba yeye.

"Kosa ni langu," akasema Mpangaji, kwa sauti ile ile aliyomwambia mkubwa wake habari za kisima. "Mawe yalinizoesha vibaya. Ukilijua jiwe lilikotoka halikuchukii."

Tulikuwa hatujasikia nyayo. Mwanakombo alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni. Alikuwa ameolewa Mwabungo na mjane mmoja, mvuvi mtaratibu, na alikuja kwa arobaini akakawia kwa kuwa tumbo lake lilikuwa kubwa. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, lakini uso wake ulikuwa umelowa.

"Mpangaji," akamwita, akijaribu kutania, "safari hii hukuja na mawe? Nina hamu nayo."

Mpangaji akafunika mdomo kwa kiganja, kama zamani. Akatia mkono mfukoni, akamtolea kipande, cha kijivu, safi, kisicho na kutu. Dada yangu akakipokea kwa mikono miwili.

"Bibi yako hakukutajia jina la mwenzake?" akamwuliza. "Jina lake la kwao. Hili lililoandikwa hapa alipewa huku."

Mpangaji akanitazama mimi, akiomba ruhusa, maana mwenye nyumba sasa nilikuwa mimi. Nikageukia mgomba.

"Liseme," akasema Mwanakombo.

Akalisema. Lilikuwa jina fupi, la bara, lisilo na herufi hata moja ya Kiarabu.

Mwanakombo alijifungua msichana, akampa jina hilo, na mumewe hakupinga. Msichana ni mkubwa sasa. Watu wakiuliza jina hilo ni la wapi, dada yangu huwaambia lilikotoka, kamba na yote, hapo hapo njiani, huku akiwatazama usoni. Mimi nikiwapo hutazama chini, nikajifanya natafuta sindano. Na nimeandika yote haya, na jina lenyewe bado sijaliandika.